Uzi Mwekundu Chini ya Mabati

Kawangware, karibu na steji ya 46
3 Machi 2024

Kwako mkwe wangu Obiero,

Pokea salamu zangu, lakini uzipokee kwa mbali kama inavyostahili. Huku tuko salama, mandazi yanauzika, na mvua imeingia hadi kwa watu wenye paa jipya.

Najua utajiuliza kwa nini nakuandikia barua na simu ninayo. Valentine ananiambia siku hizi wakwe huongea na mama wakwe kwa simu, wengine hata kwa video. Mimi nimekataa. Simu ni kuongea na mtu ndani ya sikio, na mkwe hana ruhusa ya kuingia ndani ya sikio langu. Sisi hatujawahi hata kushikana mikono. Siku ya harusi yenu nilikupungia nikiwa nyuma ya sufuria, na ilitosha. Karatasi ina adabu. Khamala wa boda boda ndiye atakayeileta. Nimemwambia asisome, na najua atasoma.

Sasa nieleze lililonifanya nishike kalamu. Jumapili iliyopita Valentine alikuja kanisani na kwikwi. Si ile ya kunywa maji ikaisha. Pasta akisema "Bwana asifiwe," Valentine anajibu "hik." Aliendelea hivyo mahubiri yote mpaka pasta akafupisha, jambo ambalo halijawahi kuonekana hapa Kawangware. Kisha akatoka nje akatapika. Mkwe, nimezaa watano. Sihitaji kuambiwa. Hongera sana.

Kuna jambo jingine dogo. Ile sare ya akina mama aliyonishonea, kitambaa chekundu, ameishona kwa uzi wa kahawia. Nilipomwuliza akasema, "Lakini mama, huo si ni mwekundu?" Mimba humfanya mwanamke abishane hata na macho yake.

Nimeshatangaza kanisani. Usinishukuru.

Mimi niliye mbali kwa heshima,
Rachael Kavetsa, mama mkwe wako


Kianda, Kibera
6 Machi 2024

Mama,

Barua imefika. Khamala alinipa hongera kabla hajanipa bahasha.

Nimezima mashine ya kuchomelea na kuketi juu ya geti la mtu ili nikuandikie vizuri. Valentine alinikataza kukuambia. Alisema utalia mpaka mandazi yaungue. Lakini sasa umetangaza kanisani, na nikiendelea kunyamaza mtaanza kutuletea nepi.

Valentine si mjamzito, Mama. Ni mgonjwa. Tangu Januari tunaenda kwa Daktari Mutheu, daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu. Ugonjwa wenyewe una jina refu ambalo nimejaribu kulitamka mara kadhaa nikajiuma ulimi. Maana yake ni kwamba kinga ya mwili wake, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, imekosea nyumba. Inaupiga ubongo, uti wa mgongo na mishipa ya macho. Kwikwi ile na kutapika vinatoka kichwani, si tumboni. Na kuhusu uzi, yeye kweli aliuona mwekundu. Daktari anasema macho yakiguswa na ugonjwa huu, rangi nyekundu huwa ya kwanza kufifia.

Ugonjwa huja, huondoka, kisha hurudi. Kila unaporudi unaweza kubeba kitu na usikirudishe. Kinachotutisha ni macho. Valentine bila macho hana cherehani, na unamjua, bila cherehani atashona hata ukuta. Dawa yake ni vidonge vya kushusha kinga, na hapaswi kuviruka.

Tafadhali litangazie kanisa kinyume, polepole.

Mwanao kwa ndoa,
Obiero


Kawangware
8 Machi 2024

Mkwe wangu Obiero,

Nimesoma. Nimelia, na mandazi yameungua, kwa hiyo binti yangu ananijua.

Nimeelewa kila kitu, usiwe na wasiwasi hata kidogo. Endelea na kazi yako ya vyuma. Khamala analeta mfuko wa mandazi mazuri. Ni ya Valentine peke yake. Wewe usiuguse mfuko huo, wala usiufungue, wala usiuangalie sana. Si kwa ubaya.

Rachael Kavetsa


Kawangware
8 Machi 2024, nimeiweka chini ya mandazi

Valentine mwanangu,

Toa mandazi, soma, kisha choma karatasi hii kwenye jiko.

Mume wako ameniandikia, kwa mwandiko mzuri na bila aibu, kwamba anakupa dawa ya kushusha kinga. Kushusha! Wakati wa korona redio ilituambia asubuhi na jioni tupandishe kinga. Tangawizi, limau, kitunguu saumu. Sikusikia hata siku moja mtu akisema shusheni. Mwanamume anayeshusha kinga ya mke wake, mimi naanza kuuliza kama kuna mwingine huko kwao Kisumu.

Humo ndani kuna mkebe wa unga wa kijani. Nimepewa na jirani yangu Syokau, yule anayeuza mitishamba. Unapandisha kinga mpaka juu kabisa. Syokau mwenyewe huutumia na hajawahi kuugua, ukiacha mguu, na presha, na ile shida ya tumbo. Weka kijiko kimoja kwenye uji. Vidonge vyao achana navyo.

Mumeo, Baba Adhis, asijue. Mume unaweza kupata mwingine, mama ni huyu huyu.

Mama yako


Kianda
17 Machi 2024

Mama yangu,

Nisamehe kwa herufi kubwa kama za mabango, naandika nikiwa nimekaribia karatasi.

Ungejua jinsi barua yako ilivyonifurahisha! Vile vidonge vimenivimbisha mashavu. Wateja wakija wanasema, "Eh, Obiero anakulisha!" Adhis aliniuliza kama nimeficha peremende pande zote mbili na simpi. Mtoto wa miaka minne, Mama, akanifungua mdomo kukagua.

Basi nimeviacha. Nimevificha kwenye droo ya cherehani, chini ya nyuzi, mahali ambapo Obiero hawezi kugusa kwa sababu aliwahi kuchomwa na sindano humo. Unga wa Syokau unanuka kama zizi, lakini nameza. Obiero aliuliza kwa nini uji ni wa kijani. Nikamwambia ndivyo wanavyokunywa matajiri wa Lavington. Akaonja, akasema anawahurumia.

Kila asubuhi huniuliza, "Umemeza?" Nami namjibu nimemeza, na ni kweli, nimemeza uji. Hapo ndipo moyo huniuma kidogo. Lakini najisikia mwepesi na mashavu yanashuka, kwa hiyo nadhani uko sahihi.

Kisumu hakuna mtu. Nimeuliza.

Valentine wako


Wodini
15 Aprili 2024

Mama,

Ijumaa Valentine aliamka akaniambia nifungue dirisha kwa sababu bado kuna giza. Dirisha lilikuwa wazi. Jicho la kushoto halioni kitu, la kulia linaona kama kupitia maji ya sabuni. Miguu nayo ikakataa kumbeba. Nilimpakia kwa pikipiki ya Khamala katikati yetu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Khamala hakusimama njiani kumsimulia mtu.

Daktari Mutheu aliuliza kuhusu vidonge. Nikaapa kwamba anameza, namwuliza kila asubuhi. Valentine akaanza kulia. Ndipo nikarudi nyumbani nikafungua ile droo, nikachomwa tena na sindano, nikakuta vidonge vyote, na mkebe, na barua yako ambayo hakuichoma kwa sababu alisema ina mwandiko wako.

Mama, nimekasirika. Naandika hivi kwa heshima zote, nikiwa nimesimama na kofia mkononi, lakini nimekasirika sana. Hakuna mwanamke Kisumu. Kuna huyu mmoja, na sasa ananiuliza kama nimenyoa kwa sababu hanioni vizuri.

Daktari hajui unga ule una nini. Anachojua ni kwamba kuacha vidonge ghafla ndiko kulikofungua mlango. Kisha akanichorea kwenye karatasi, nami nakueleza ili usije ukasema hukuambiwa. Askari wa kinga hawaendi popote mpaka waitwe. Wanaoita ni protini ndogo ndogo za mwili, kama wajumbe. Mmoja anaitwa interlukini-6. Kwa Valentine huyu mjumbe anapiga kelele kupita kiasi. Anawachochea wale wanaotengeneza silaha, na analegeza hata ukuta unaoulinda ubongo, askari wakaingia na kupiga wasiyemjua.

Nikamwambia daktari, huyo namfahamu. Huyo ni mtu anayepiga kelele "Mwizi!" Unamkumbuka Kagiri, aliyebeba TV yake mwenyewe kuipeleka kwa fundi hapo kwenu? Mtu mmoja akapiga kelele, na mtaa mzima ukatoka na rungu. Ndivyo ilivyo kichwani mwa mtoto wako. Unataka kuipandisha kinga, Mama? Ni kuwaongezea wale watu rungu.

Sasa anatiwa dawa kali kwa drip. Baadaye kuna dawa nyingine ya kumzuia huyo mjumbe, na daktari ametuingiza kwenye mpango wa hospitali ili aipate kila mwezi. Lakini anasema wazi: wimbi jingine kama hili linaweza kuondoka na macho yote mawili. Lazima kuwe na mtu wa kukaa naye, na mimi nikiacha vyuma hatuli.

Njoo, Mama. Nimekasirika, na bado nasema njoo.

Obiero


Kawangware
17 Aprili 2024

Mkwe wangu Obiero,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, maana nilihisi sistahili kukaa. Ni mimi niliyemfanyia hivi. Nilidhani nampenda kuliko unavyompenda wewe, na huko ndiko kulikokuwa kiburi changu. Nimemrudishia Syokau mikebe yake iliyobaki kwangu. Hatusemezani.

Lakini umeniambia habari ya Kagiri kana kwamba sikuwepo. Nilikuwepo! TV ilikuwa imeshaanguka mbele ya meza yangu. Watu walikuwa wengi, ningeshika mkono upi niache upi? Nikamtafuta anayepiga kelele. Alikuwa mama mmoja aliyepanda juu ya ndoo, wala hakujua ameibiwa nani. Nikachukua andazi kutoka kwenye mafuta, nikalipuliza kidogo kwa sababu mimi ni Mkristo, nikamtia mdomoni. Kimya. Watu wakaanza kuangaliana. Mmoja akauliza, "Kwani ameiba nini?" Hakuna aliyejua. Kagiri akaokota TV yake akaenda.

Kwa hiyo, dawa hiyo ni andazi. Ungeniambia hivyo tangu Machi, tusingefika hapa. Mpeni mtoto andazi.

Sasa kuhusu kuja. Nyumba yenu ni chumba kimoja. Kitanda kiko wapi? Humo humo. Mama mkwe akilala anapolala mkwe, akikiona kitanda chake, na sufuria ziko hapo hapo, huko kwetu hata ng'ombe wataondoka. Nakuja, lakini nataka ukuta. Si pazia. Pazia hupepea. Wewe si fundi wa vyuma? Nataka mabati kutoka chini mpaka juu, na tundu lolote la msumari ulizibe.

Mkosaji wako,
Rachael


Kianda
22 Aprili 2024

Mama,

Nilimsomea Daktari Mutheu habari ya andazi. Alicheka mpaka nesi akaja kuangalia. Anasema umekaribia sana, ila dawa hii haizibi mdomo wa anayepiga kelele. Inaziba masikio ya wanaosikia. Mjumbe atapiga kelele zake, lakini wenye rungu wataendelea kulala. Kwa hiyo ni andazi la sikio.

Ukuta umekwisha. Mabati mapya, nimechomelea fremu mwenyewe. Upande wa ndani ni wako na Valentine na Adhis, pamoja na kitanda, ambacho kuanzia leo si changu. Upande wa mlango ni wangu na jiko, nitalala kwenye benchi. Nimeacha nafasi chini, upana wa kiganja, ya kupitisha sahani na barua. Nikitaka kuingia nitagonga sufuria mara ya kwanza ili ujiandae, na mara ya pili ili usahau kwamba niko.

Mwenye nyumba aliuliza kama nimepangisha nusu. Nikamwambia ni mambo ya adabu. Akanielewa, naye ana mama mkwe.

Valentine anatoka Alhamisi. Anauliza kama utakuja na mandazi. Mimi nauliza kama safari hii naruhusiwa kuyagusa.

Obiero


Upande wa kitanda
11 Mei 2024

Mkwe,

Umegonga sufuria vizuri leo asubuhi. Sasa punguza kukoroma, mabati yanatetemeka na Adhis anadhani ni treni.

Valentine amepata drip ya kwanza ya masikio. Daktari alisema dawa hii inaweza kuficha homa, kwa hiyo tusingoje joto ndipo tujue kuna maambukizi, na tumweke mbali na wenye vikohozi. Nimekaa mlangoni nikiwakagua wageni. Pasta nimemrudisha, alikohoa mara moja. Amesema ilikuwa kusafisha koo kabla ya maombi. Nikamwambia alisafishie Kawangware.

Vidonge alivyobakiziwa nampa mwenyewe, kisha namfungua mdomo kama Adhis alivyofanya.

Kuna andazi lako chini ya mabati.

Rachael


Upande wa jiko
11 Mei 2024

Mama,

Si mimi ninayekoroma, ni mashine ya kusaga ya jirani. Andazi limefika. Nimekula huku nimegeuka ukutani ili usinisikie nikitafuna.

Jicho la kushoto vipi? Ananiambia "poa" tu, na mimi nikisikia poa naogopa.

Obiero


Upande wa kitanda
2 Juni 2024

Mkwe,

Sitakudanganya tena, nimeshaona faida yake. La kulia limerudi vizuri. La kushoto linaona mwanga na vivuli. Kila asubuhi namfunika jicho la kulia kwa kiganja, kisha namwonyesha uzi. Anasema "kijivu." Uzi huo ni mwekundu kama nyanya. Nasema haya, tutajaribu kesho, kisha naenda kumenya viazi hata kama hakuna viazi.

Naogopa, Obiero. Nimekuita jina tupu bila kukusudia, lakini liache tu.

Rachael


Upande wa jiko
2 Juni 2024

Mama,

Mimi pia naogopa. Huko kazini nimechomelea dirisha la mtu likiwa limefungwa na halifunguki tena. Upande wenu hakuna mwanga wa kutosha. Siku moja tumjaribie huku mlangoni kwenye jua. Nitashika uzi kwa mkono, nawe ukae ndani ya mabati, uushike upande wa pili kupitia pale chini. Hatutaonana.

Obiero


Kawangware
25 Agosti 2024

Valentine,

Nimefika nyumbani salama, namshukuru Mungu kwa miezi mizima bila wimbi jingine, na namshukuru Daktari Mutheu. Miguu yako nimeiona ikipanda kilima cha Olympic hapo kwenu. Usikose drip hata moja. Ukikosa, narudi na mabati mengine.

Lakini nimesikia jambo kutoka kwa Khamala, nalo limenikosesha usingizi. Anasema unawaambia wateja, na wewe unacheka, kwamba siku ile tulipokujaribu mlangoni kwa uzi, ulipotamka rangi yake, mimi nilitoa mkono wangu chini ya mabati nikamshika mkwe wangu mkono. Eti nikamshika mpaka Adhis akatuhesabia moja hadi ishirini.

Mwanangu, mimi ni mama wa kanisa na Mmaragoli. Jambo kama hilo halikutokea. Ulikuwa umefunikwa jicho la kulia kwa kitambaa, ukawa unatumia la kushoto peke yake, na la kushoto bado ni changa. Hukuona vizuri. Waambie wateja hivyo.

Mama yako


Kianda
27 Agosti 2024

Mama yangu,

Tazama herufi zangu zilivyorudi kuwa ndogo.

Sare yako anayo Khamala. Nimeifumua yote na kuishona upya kwa uzi mwekundu, nimeuchagua mwenyewe dukani, jicho la kulia nikiwa nimelifumba makusudi. Mwenye duka alidhani namkonyeza. Obiero ameagizwa akatoe maelezo.

Sasa kuhusu siku ile. Nilikaa kwenye kigoda, jicho la kulia limefunikwa, Obiero amechuchumaa juani, na uzi umetoka chini ya mabati. Nikausema: mwekundu. Na baada ya hapo, kwa jicho lile lile, niliona mkono wenye alama ya mafuta ya moto karibu na kidole gumba ukitoka chini ya mabati na kushika mkono wa mume wangu. Niliona kucha. Niliona Obiero akifuta macho kwa bega kwa sababu mkono wake hakutaka kuutoa.

Unasema sikuona vizuri. Mama, daktari atanipima jicho hilo Ijumaa na ataniuliza linaona nini. Kama mkono ule haukuwepo, basi nitamwambia jicho bado linaniletea vitu ambavyo havipo, na dawa haijafanya kazi. Kama ulikuwepo, nitamwambia limepona.

Mimi nitasema utakavyoniambia. Chagua.

Valentine


Kawangware
28 Agosti 2024

Valentine,

Uliona vizuri, mwanangu. Uliona vizuri kabisa.

Mama